Siku Niliyomuua Athumani kwa Simu

Haya nayaandika kwa aibu, tena kwenye daftari la vipimo vya nguo za watu, na kila nikiandika "nilidanganya" najiuliza kama hakuna neno jengine lililo dogo kidogo ambalo ningelijua kama ningesoma zaidi, lakini nimelitafuta sikuliona, basi nilidanganya. Nilisema mume wangu amekufa. Sikutumwa na mtu, sikuwa na homa, na Athumani hakuwa amenikosea siku hiyo wala juzi yake.

Lililonifikisha hapo ni simu. Athumani ni fundi mwashi, na simu yetu ni moja, laini kwa jina lake, lakini kazini haendi nayo kwa sababu saruji imeshamharibia mbili, basi huniachia mimi hapa nyumbani Mishomoroni ili wateja wangu wa kushona wanipate. Wateja hupiga mara mbili kwa wiki. Wauzaji hupiga kila siku. Huyu auza kiwanja, huyu ataka Athumani akope, huyu ataka abonyeze moja apate nyimbo, na wote wana adabu, hilo niliseme nisiwaonee, waanza kwa salamu, wauliza hali, nami nimelelewa kwamba mtu akikutolea salamu humkatii, wewe waitikia mpaka mwisho, wamuuliza na watu wake kama wazima, na hapo ndipo wanipatapo. (Kuna mmoja nilimsikiliza robo saa nzima kwa kuona haya kumwambia sitaki, mpaka pasi ikaunguza mkono wa kanzu ya watu.)

Siku hiyo ilikuwa simu ya nne, na saa nne ya asubuhi haijafika. Sauti ya msichana, laini. "Assalaam aleikum, naongea na Bwana Athumani?" Nikamwambia hayupo. Akasema si neno, hata mama aweza kusikiliza, yeye auza bima ya maziko, "maana mama, hatujui siku wala saa, je, mzee ameshajipanga?" Nilitaka kucheka. Sisi huku mtu akifa alfajiri alasiri yuko kaburini, sanda hutoka kwa huyu, mbao kwa yule, bima yaingilia wapi? Ningemwambia hivyo tu yangekwisha. Lakini nilikuwa nimechoka, na sindano ilikuwa imenidunga kidole nikikimbilia kupokea, nikasema, "Mwanangu, umechelewa. Athumani amefariki leo alfajiri. Twamzika alasiri."

Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti nyengine kabisa, si ile ya kazi. Akauliza, "Ni Athumani yule fundi mwashi? Wa Mishomoroni?"

Nikadhani yuasoma kwenye kompyuta yake, maana hawa hujua kila kitu chako. "Ndiye huyo," nikasema.

Ningeweza kurudi nyuma hapo, najua. Lakini kumwambia "nilikuwa nakutania" mtoto wa watu ambaye ameshakusomea inna lillahi niliona ni aibu kubwa kuliko uongo wenyewe, basi nikapokea pole, nikamwombea dua na yeye, kisha nikaizima simu nipate kushona kwa amani. Nikashona vizuri sana, wallahi. Saa mbili nzima.

Mlango ukasukumwa. Ni Zena, jirani yangu, kilio kimemtangulia, nyuma yake wanawake sita au saba.

"Mishi! Mishi mwenzangu! Umekaa na msiba ndani peke yako, hata mimi wa ukuta mmoja hunambii!"

"Msiba wa nani?"

Zena akawageukia wenziwe. "Akili imeshamruka, maskini. Yuko kwenye cherehani! Mshikeni."

"Zena, nani aliyekufa?"

"Athumani, mamangu. Yametangazwa msikitini Junda."

Sasa hapa mtanicheka, na mna haki. Mimi niliamini. Sikuifikiria ile simu kama chanzo, niliifikiria kama laana, nikaona Mungu amelichukua neno langu mdomoni akalifanya kweli, nikamwona Athumani akianguka kutoka zile mbao za kusimamia, alizokuwa akizilalamikia wiki nzima, nikapiga ukelele wa "Mbao za Mtwapa zimemuua!" ambao watu wasema ulisikika mpaka barabarani. Hakuna wa kumpigia, simu yake si hii hapa kwangu? Wakanikalisha kwenye godoro chini, wakanifunika leso kichwa mpaka miguu, bibi mmoja akaninong'oneza, "Usitoke, mwanangu, ushaingia edani." Cherehani ikatolewa nje, makochi nje, majamvi yakatandikwa, na dirishani nawasikia wanaume wakibishana jeneza lipitie mlango gani.

Nimekaa mjane kama nusu saa hivi ndipo nikamsikia mwanamke mmoja akimuuliza Zena habari ilitoka wapi.

"Bintiye Mzee Hamadi wa Junda, si yule afanyaye kazi ya simu mjini? Athumani ndiye aliyewajengea nyumba yao. Basi alipiga hapa asubuhi kwa mambo ya kazi yake, Mishi mwenyewe akampa habari kwa mdomo wake. Mtoto wa watu kalia kazini, akampigia babake, babake akakimbilia msikitini."

Kilio kikanikauka. Msichana simlaumu, aliambiwa na mke wa mtu. Babake simlaumu. Wala watu siwalaumu kwamba hawakupiga kuhakikisha, maana kwetu mfiwa hapigiwi simu, huendewa, na maziko hayangoji mtu. Na hapo ndipo ilipo dhambi yangu, naona hivyo mimi, si ile ya asubuhi. Ile ya asubuhi ilikuwa uchovu. Lakini chini ya leso nilikuwa najua kuwa mume wangu yu hai, na nikanyamaza. Nilikuwa napanga. Nikasema moyoni Athumani atarudi jioni, nami nitasema yule msichana amechanganya majina, lawama imwendee yeye, ye mtoto, watu watamsahau.

Nilikuwa bado napanga nikasikia nje, "Mpisheni mamake! Mpisheni!"

Mavyaa wangu, mamake Athumani, alikuwa ametoka kwake Likoni na presha yake, amevuka feri amesimama kwa sababu kila aliyempisha kiti yeye alimjibu kuwa akikaa hataweza kuinuka tena. Mimi mama sikumjua. Huyu ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenishika mgongo nikizaa, na nikigombana na mwanawe hunitetea hata pale ambapo mwenye makosa ni mimi. Akakaa godoroni, akanifunua uso. Hakulia.

"Mwanangu," akasema, "usiogope. Athumani kenda, wewe hukuondoka. Eda utakaa kwangu."

Kisha akafungua kifurushi alichokuja nacho kwapani. Ni sanda. Ni yake mwenyewe, aliyoletewa kutoka Makka ikiwa imechovywa maji ya zamzam, aliyoiweka sandukuni miaka na miaka. "Nilijiwekea mie," akasema, "lakini mwanangu hazikwi na ya dukani nami nina hii."

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Athumani hajafa."

"Ndivyo sote tusemavyo siku ya kwanza."

"Hajafa, mama. Yuko kazini Mtwapa. Nilisema mimi, nimfukuze mtu wa bima."

Wa kwanza kusema alikuwa yule bibi wa eda: "Basi nielezeni, nimfunike au nimfunue?" Mwengine akafoka, "Mimi nimeacha wali motoni! Wamfanyia mzaha Izraili?" Zena alikaa chini akafuta machozi kwa ncha ya leso, na sijui mpaka leo kama yalikuwa bado ya msiba.

Nje kukazuka kelele. Vijana wawili waliotumwa Mtwapa kwa bodaboda kuleta maiti walirudi nayo imekaa katikati yao, saruji mpaka viwikoni. (Walimkuta akila mbaazi.) Nikamsikia Athumani akiuliza, "Kwangu kafa nani?" na mwenye jeneza akamjibu, "Wewe, bwana. Na makaburini washafika kiunoni." Watu wakacheka. Wengine hawakucheka.

Mavyaa akatoka, akampapasa uso, mabega, mikono, kama mtu apimaye nguo gizani. Aliporudi ndani nilikuwa nimeinama naikunja ile sanda nimrudishie. Akanizuia mkono, taratibu tu.

"Iache. Nimeitoa sandukuni nikimlilia mwanangu, mimi siwezi kuirudisha. Kaa nayo wewe uliyeiita."

Akaenda zake bila kunywa hata maji.

Athumani aligomba siku tatu, ya nne akaanza kujiita marehemu mbele ya mafundi wenziwe, yakaisha. Kwa Mzee Hamadi nilikwenda, nikamwomba radhi binti mbele ya babake, nikamwambia na lile nililokuwa nimempangia, ingawa hakuna aliyenilazimisha. Watu wa bima na viwanja bado wapiga, na nimeapa sitasema nao tena neno ila moja: yupo, hataki, asante. Hakuna aliyebisha hata mmoja. Lilikuwa jepesi hivyo.

Likoni nimekwenda mara mbili. Zote mavyaa alinipokea, akanipa chai, akasema ameniwia radhi, nami namwamini, si mtu wa kusema asilolimaanisha. Ila "mwanangu" sijaisikia tena, mimi kwake sasa ni mke wa Athumani. Aniita hivyo kwa heshima zote, akinisogezea kikombe, na mimi huitika abee.