Jembe Lililolima Uwanjani

Mwaka 1978, pale Kasulu, ukitaka kumkasirisha Mwalimu Kudra binti Isihaka, mtajie Sabasaba ya mwaka uliotangulia. Basi! Siku hiyo hata chai haimshuki.

Kudra alifundisha uchoraji shule ya msingi, na halaiki ya vibao ilikuwa yake. Watoto mia na ishirini walipangwa kwenye ngazi za matofali, kila mmoja na kibao cha boksi chenye rangi mbili, na vibao vyote pamoja vikafanya picha ya mama anayelima. Sabasaba ile, kila picha ilipobadilika, mwalimu mkuu, Mzee Tamimu, alipuliza filimbi, watoto wote wakashusha, wakageuza, wakainua upya. Kati ya picha na picha pakaonekana vichwa na makamasi tu. Picha ikawa inawaka na kuzimika, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Tamimu akamwambia Kudra waziwazi: "Mwakani tukichekwa tena, binti, halaiki nampa Mwalimu Tharsisi."

Lo! Kudra alilia, wala hakuona haya. Halaiki aliipenda kuliko kitu chochote. Kisha akafuta machozi, akawaza. Jembe likiinuka, mbingu inabadilika nini? Haibadiliki! Sasa mtoto mwenye kibao cha mbingu anakishusha kwa nini? Vinavyobadilika havifiki hata ishirini.

Akamwandikia kila mtoto kikaratasi, akakibandika mgongoni mwa mwenzake wa mbele: filimbi ya kwanza bluu, ya pili bluu, ya tatu kahawia. "Rangi yako isipobadilika, usitikisike hata inzi akitua puani mwako. Kibao kikikuponyoka, okota, soma, inua. Usimngoje mtu."

"Watoto wajiamulie wenyewe?" Mzee Tamimu akaguna. "Haya, tutaona."

Sabasaba ikafika, watu wakaja hata kutoka Munanila. Jembe likapanda, likashuka, mbingu imetulia tuli. Bibi Esteri, mkulima aliyekaa mstari wa mbele, akaruka: "Mawe, mama yangu! Linalima kweli!"

Ndipo upepo wa Julai, ule wa vumbi jekundu, ukapiga na kupokonya vibao tisa katikati ya mpini. Mzee Tamimu akapaza sauti: "Shusheni wote! Tuanze upya!"

Hakushusha hata mmoja. Wale tisa waliinama, wakaokota, wakasoma, wakainua. Mpini ukaunganika, filimbi ikalia, jembe likaendelea pale pale lilipoachia. Uwanja mzima ukasimama kushangilia.

"Hawanisikii!" Mzee Tamimu alisema, mdomo wazi.

"Hata mimi hawanisikii, Mwalimu Mkuu. Kila mmoja anaijua kazi yake."

Mzee akamtazama, akatazama ngazi, kisha akacheka. "Basi halaiki ni yako, binti. Mpaka ustaafu."

Kudra akasahau kuwa yeye ni mwalimu. Akapiga kigelegele mwenyewe, kirefu, mbele ya wazazi wote.