Dawa ya Bampa kwenye Bastola za Verlon Tackett

Verlon Tackett ni mtu mrefu mwenye mikono kama majembe, na hakuna ajuaye kwa nini moyo wake uliangukia bastola fupi kuliko zote. Akiishika moja, haionekani. Utadhani kashika kitasa cha mlango usiokuwepo. Aliendesha lori la gesi ya kupikia katika vilima vyetu vya Oklahoma mashariki mpaka mgongo ukakataa, na kila alipopata nafasi alinunua bastola ya silinda, mtutu wa inchi mbili, chuma kisichoshika kutu. Nyingine hazitaki. Ukimwonyesha yenye mtutu mrefu, atakuitikia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wa wenzake.

Kupiga hapigi. Mlio anauogopa, hata upepo ukibamiza mlango wa trela anamoishi, anaruka. Tena silinda ikizunguka huacha mstari mwembamba ubavuni, na kwa wakusanyaji mstari ule ni kovu usoni mwa bibi harusi. Kwa hiyo bastola zake hazizungushwi wala hazifyatuliwi. Hubebwa kama mayai.

Kununua kwenyewe ni shughuli. Huiinua bastola, huinusa, huielekeza kwenye taa, huirudisha mezani, kisha huzunguka ukumbi mzima wa wauzaji na kurudi palepale.

"Umekuja kuoa au kuangalia?" wauzaji humuuliza.

"Natazama ukoo kwanza," hujibu Verlon.

Anachokitazama hasa ni rangi. Bastola hizi hazitoki kiwandani ziking'aa. Hutoka na kijivu cha wingu la mvua, na ukisogeza jicho unaona michirizi myembamba ya brashi. Michirizi hiyo ikifutika hairudi tena, na bastola iliyokuwa adimu huwa chuma tu cha kawaida. Kila mkusanyaji analijua hilo kama anavyojua jina lake. Wake zao hawalijui, maana hakuna aliyewahi kukaa nao akawaambia.

Oleta, mke wa Verlon, aliziita "vibomba vyako". Chumba alimoziweka Verlon aliingia akifuata pasi tu, na alitoka bila kugeuza shingo. Hilo lilimuuma Verlon.

Mwaka huu Verlon aliipata bastola moja iliyokuwa imebaki kukamilisha mkusanyo wake, na akatangaza kwenye chakula cha kanisani, akiwa na sahani ya maharage na mkate wa mahindi, kwamba utepe wa buluu wa meza bora, kwenye maonyesho yetu ya wakusanyaji, utahama. Utepe huo huchukuliwa na Doyle Pruitt, mkusanyaji mwenzake, kila mwaka, hata amechoka kuushangilia.

"Nitakukabidhi mwenyewe, Verlon," Doyle alimjibu, "siku utakayofyatua mojawapo bila kumwita mama yako."

Siku moja kabla ya maonyesho, Verlon alikwenda mjini kuchukua kioo cha sanduku. Aliporudi alimkuta Oleta jikoni, vidole vyeusi tii, bastola zote zimepangwa juu ya taulo. Ziling'aa kama bampa la gari la bwana harusi.

"Usiseme neno," Oleta alimwambia. "Miaka yote nimekusema vibaya kwa ajili ya hivi vitu. Leo nikasema, kesho ndiyo siku yake, acha nimsaidie. Vilikuwa vimefifia, maskini! Nimetumia dawa yako ya kung'arishia bampa. Na kesho tunakwenda wote. Gauni nimeshalipiga pasi."

Verlon aliuona uso wake mrefu ndani ya kila bastola. Aliniambia baadaye kwamba alitafuta maneno, yakaja haya tu:

"Mke wangu, hizi zitaonekana mpaka Arkansas."

Oleta akacheka, akambusu sikio. Sikio hilo lilikuwa halijabusiwa tangu enzi za lori la kwanza. Hapohapo Verlon akaamua: utepe na uende unakokwenda, bastola nazo zimeshakwenda, lakini Oleta asijue kamwe alichofanya.

Asubuhi nilikuwa nawasaidia kubeba meza. Mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho kila bastola hufungwa kamba ya plastiki isiweze kufyatuka, na mfungaji alipofungua sanduku la Verlon alivua kofia kwanza. Verlon alikuwa nyuma ya mkewe, kidole mdomoni, akitikisa kichwa kwa nguvu. Mfungaji akaelewa.

Sasa, watu wetu wana midomo. Ukidondosha mchuzi kwenye shati hapa, utaitwa Mchuzi mpaka Pasaka. Lakini siku ile walikuja mmoja mmoja, wakamwona Verlon na kidole chake, wakajikaza.

"Pole sa... hongera, Verlon. Hongera sana."

"Shemeji, hii kazi si ya mchezo!"

"Mbona mnatembea kama mko msibani?" Oleta aliwauliza.

Kisha akaja Doyle. Meza zote za jirani zikageuka kutazama, maana tulijua huyu hatamwacha mtu. Akainama, akayaona meno yake mwenyewe kwenye silinda. Akamtazama Verlon. Akatazama vidole vya Oleta.

"Shemeji, nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Doyle."

Doyle akajinyoosha. "Sijapata kuona meza kama hii," alisema. "Na sidhani nitaiona tena."

Oleta akawaka kwa furaha. Akageukia meza ya Doyle, iliyokuwa upande wa pili wa njia, akaitazama kwa huruma.

"Zako zimefifia, ndugu yangu. Wewe mgane, hakuna wa kukusaidia." Akafungua mkoba. "Chupa ninayo. Nianze na ile ya katikati, kwenye mahameli."

Ile ya katikati ndiyo inayompa Doyle utepe. Verlon akafungua mdomo.

"Oleta, subiri, kuna jambo..."

Doyle akamkanyaga mguu.

"Hakuna jambo," alisema. "Usimsikilize, shemeji. Ana wivu, anataka ing'ae ya kwake tu." Akaenda mwenyewe, akaichukua kwenye mahameli, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Oleta akasugua. Wanaume wale wawili walisimama bega kwa bega, kofia vifuani.

"Unalia?" Oleta aliuliza.

"Dawa," Doyle alisema. "Harufu yake kali."

"Umefanya hivyo kwa nini?" Verlon alimnong'oneza.

"Angalia anavyocheka. Marehemu Nadine wangu hakuwahi kukanyaga humu. Lakini ukimwambia mtu nimelia, bwana, nakuvunja goti."

Mwamuzi wetu, Bi. Lavonne Sixkiller, alifika na glavu zake nyeupe. Akainua ya Verlon, akainua ya Doyle, akarekebisha nywele kidogo akiitumia ile ya Doyle kama kioo, kisha akaenda kumpa utepe mzee mmoja mwenye meza ya ndoano za kuvulia samaki.

"Hana macho yule," Oleta alisema. Akaitikisa chupa karibu na sikio. "Bado imo. Verlon, mshike mkono Doyle, twendeni. Tuwasaidie na hawa wengine."

Ukianzia meza ya jirani mpaka mlango wa nyuma, tuliwaona watu wazima wakivua makoti na kufunika meza zao.