Mawe Yenye Jina la Ashoka

Mwanangu Nilabh alizaliwa tarehe kumi na tisa Februari, na mwaka ulioandikwa shuleni ndio mwaka aliozaliwa. Kwa mtu wa mbali hilo si jambo la kusimulia. Kwetu Jaunpur, mji wa kaskazini mwa India, ni jambo, maana katika darasa lake la kwanza alikuwa karibu peke yake. Wazazi wengine walipoleta watoto kuandikishwa walipunguza mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, ili mtoto akikua na kuanza kufanya mitihani ya serikali awe na miaka ya akiba. Mtihani wa maafisa una ukomo wa umri. Ukishatimiza arobaini, kwa hesabu inayofanywa kila Julai, hupokelewi tena, uwe na akili kiasi gani.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo na kalamu ya kuandikishia ilikuwa mkononi mwake. Nakumbuka siku jirani yetu Pandey alipomleta mwanawe Tribhuvan, aliyezaliwa wiki moja na Nilabh.

"Mwalimu, mwandike mdogo kidogo," Pandey alisema. "Miaka miwili tu. Nani atakuja kumuuliza?"

"Huyu ameshang'oka meno ya mbele, Pandey. Nikimwandika wa miaka minne watoto wenyewe watanicheka."

"Na wako je? Naye humwonei huruma?"

"Wangu ni wa ukoo wa Nigam. Ataandikwa alivyozaliwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yao, na nakiri kwamba nilijiona mrefu siku ile. Pandey hakugomba. Alikunywa chai, akampeleka mwanawe shule nyingine, na huko Tribhuvan akapata miaka yake miwili.

Nayaandika haya kwa sababu mtaani wanasema Nilabh alishindwa kwa kukosa kichwa. Jina la nyumba hii nililipokea likiwa safi, na sitaki lichafuliwe kwa uongo.

Nilabh alianza kujiandaa akiwa na miaka ishirini na miwili, na aliendelea kwa miaka kumi na saba. Mara nne alipita mchujo wa kwanza, ule wa kuchagua jibu na kutia kivuli kwenye kiduara. Mara moja alifika mpaka kwenye usaili, akarudi na shati lililopigwa pasi vizuri na hakuna kingine. Hakuwahi kulala saa za kusoma. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia maji bafuni, kisha kiti kikivutwa, na mpaka mchana sauti yake ilikuwa ndani ya kile chumba ikirudia watawala kwa mfuatano, vita kwa mwaka, magavana kwa sheria walizozitunga. Alifundisha watoto wa jirani jioni ili asiniombe nauli. Wasichana watatu waliletwa aoe, na mara tatu akasema subirini matokeo yatoke. Wote watatu sasa wana watoto wanaokwenda shule.

Jiografia na uchumi alisoma kwenye tuisheni. Historia ilikuwa yangu. Nilisomesha somo hilo katika sekondari ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na sikutaka mwanangu ajifunze habari za wafalme wa kale wa Maurya kwa vijana wanaofundisha kwa vijiwimbo na vifupisho. Majira ya baridi kabla ya mtihani wake wa mwisho tulikaa juani juu ya paa bapa la nyumba, mimi, yeye na Tribhuvan, tukimenya karanga na kuulizana maswali. Nilabh alikuwa na miaka thelathini na tisa. Julai ya mwaka uliofuata angekuwa nje. Tribhuvan, kwa karatasi, alikuwa na thelathini na saba, na alisoma kwa raha ya mtu asiyekimbizwa.

Siku moja tulifika kwenye maandishi ya Ashoka. Yule mfalme alichonga amri zake kwenye mawe nchi nzima, lakini karibu kila mahali alijiita Mpendwa wa Miungu. Jina lake mwenyewe halionekani ila kwa nadra. Profesa wangu alitufundisha kwamba limeonekana kwenye jiwe moja tu, la Maski, nami nikawafundisha hivyo maelfu ya wasichana.

"Mama, hapa wameandika mawe manne," Tribhuvan alisema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Maski, Gujarra, Nittur na Udegolam."

"Kitabu gani hicho?"

"Hiki cha kijani. Nilikinunua stendi."

"Cha stendi. Basi wakati mwingine waulize wauza tiketi, wana historia nyingi zaidi."

Nilabh alicheka mpaka akapaliwa na karanga. "Umepewa yako, Tribhu. Kunywa maji."

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa, kaka. Sijayachonga mimi."

"Maski peke yake," nikasema. "Andikeni."

Tribhuvan aliandika. Nilabh hakushika kalamu. Alisema hilo analijua tangu utotoni.

Siku ya mtihani nilimlisha kijiko cha mtindi na sukari cha kuombea bahati, kama kila mama wa mtaa ule, na yeye, mtu mzima mwenye mvi juu ya masikio, akafungua kinywa bila kucheka. Yeye na Tribhuvan walikwenda mji wa Banaras kwa treni ya kwanza. Jioni alirudi uso umetulia kuliko nilivyouzoea.

"Historia imekaa vizuri," alisema. "Hesabu ndiyo imenisumbua kidogo. Lakini safari hii, mama, nadhani nimo."

Siku chache baadaye tume ya mitihani ilitoa majibu yake ili kila mtahiniwa ajihesabie. Nilabh na Tribhuvan walikaa barazani, mmoja akisoma jibu kwenye simu, mwingine akitia alama kwenye karatasi ya maswali. Mimi nilikuwa nachambua dengu. Walikwenda vizuri mpaka swali la sabini na mbili.

"Mawe manne," Tribhuvan alisoma, kisha akaniangalia kwa pembe ya jicho. "Samahani, mama. Mimi niliweka manne. Kile kitabu kilikuwa kwenye mfuko nje ya mlango, nikaona haya kukikana."

"Tume imekosea," nikasema.

Walitazamana. Kwa hesabu ya Nilabh alikuwa pale pale kwenye mstari, mahali ambapo jibu moja linampeleka mtu ndani au linamwacha nje. Lakini tume huruhusu pingamizi. Mtu akiona jibu rasmi si sahihi, ana wiki moja ya kuandika na kuambatanisha ukurasa wa kitabu kinachotambulika. Nikamwambia Nilabh asihangaike, pingamizi hilo nitaliandika mwenyewe, na tume itajua limeandikwa na nani.

Kesho yake nilikwenda maktaba ya shule yangu ya zamani. Msimamizi wa maktaba, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alifuta kiti kwa upindo wa sari yake kabla sijakaa. Nilimwomba kitabu kikubwa cha historia ya kale, toleo la karibuni. Nilifungua penye Ashoka nikiwa nimeshika kalamu tayari kunakili namba ya ukurasa.

Yalikuwa mawe manne. Hakikuwa kitabu cha stendi. Mwandishi alitaja kila jiwe na mwaka lilipopatikana. La Gujarra lilikuwa limepatikana kabla sijaingia chuo kikuu. Profesa wangu hakuligusa, nami sikumuuliza. Yale mawili mengine yalipatikana mimi nikiwa darasani, nasomesha. Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya wasichana nikiwa na daftari lile lile.

Nilirudisha kitabu, nikakataa chai, nikarudi nyumbani.

"Umepata ukurasa?" Nilabh aliuliza.

"Natafuta bado."

Siku ya pili aliuliza tena, na ya tatu, nami nikajibu vilevile. Sijui nilikuwa nangoja nini. Siku ya mwisho ya pingamizi, mchana, alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nikamwambia hakuna pingamizi la kuandika, kwa sababu tume iko sahihi.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni manne. Nimelikuta mara nyingi tu, kwenye vitabu vizuri pia." Aliendelea kukunja. "Sikutaka kukusumbua kule juu, mbele ya Tribhu."

"Basi ukatia kivuli kwenye moja kwa nini?"

Alifikiri kama anayetaka kunijibu sawasawa. "Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye manne. Halafu nikakusikia ukisema andikeni. Vile vile ulivyokuwa ukisema nikiwa mtoto. Nikasema moyoni, mimi nani wa kumsahihisha mama? Nikahamisha mkono. Ilikuwa kitambo kidogo tu, mama. Wala sikukaa nikawaza."

Nilitaka anipigie kelele. Mtu akikupigia kelele unajua pa kushika. Alikwenda jikoni akabandika chai, akaniuliza kama nataka na tangawizi.

Orodha ilipotoka namba yake haikuwemo. Baadaye tume ilitangaza alama ya chini kabisa ya kupita, na Nilabh alikuwa chini yake kwa swali moja. Tribhuvan naye hakupita, ila yeye alikuwa chini kwa maswali kumi na tano. Alikasirika jioni moja, kesho yake akanunua jarida jipya.

Mama yake Tribhuvan alikuja kunipa pole. "Usijiumize, dada. Kichwa huchoka. Miaka kumi na saba, hata punda angeshaijua njia."

Ningeweza kumwambia siku ile. Maneno yalikuwa pale kinywani. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za mguu wake.

Julai ilipokaribia nilifanya jambo ambalo mume wangu asingenisamehe. Nilivaa sari yangu nyeupe yenye pindo la kijivu, nikaenda ile shule aliyoiongoza. Karani, Dubey, alifundishwa kusoma na mume wangu mwenyewe. Aliinuka aliponiona.

"Mama Mwalimu, kwa jua hili? Si ungenitumia mtu nikaja?"

"Nina swali dogo. Mtu akigundua kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa kwa makosa, anafanyaje?"

"Ya mwaka gani?"

Nikamtajia mwaka. Alikwenda kabatini akarudi na daftari kubwa, akalifungua mbele yangu. Mwandiko wa mume wangu ulikuwa umejaa ukurasa, umenyooka kama ulivyokuwa siku zote.

"Wa mzee huu," Dubey alisema. "Hapa huwezi kupata kosa, mama. Walimu wapya huwa tunawaonyesha hili daftari waone kazi." Akatazama majina. Aliposhuka hadi la Nilabh, kidole chake kilisimama, kisha kikaendelea kama hakikuona kitu. "Ni nani huyo mwenye shida?"

"Mtu wa mbali. Aliniomba niulize."

"Mwambie asijisumbue." Alizungumza taratibu, akitazama daftari. "Hata sisi tungekuwa na moyo wa kumsaidia, wanachoangalia ni cheti cha darasa la kumi. Hicho kikishatoka na miaka ikapita yote hiyo, hakuna mkono unaokifikia. Mwambie hivyo kwa heshima, mama. Na mwambie si peke yake aliyekuja kuuliza."

Alinisindikiza mpaka getini akinishikia mwavuli. Hakuniuliza kingine, na mpaka leo sijasikia neno lolote mtaani kuhusu ziara ile. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimemkana mume wangu mbele ya mwandiko wake, na mkononi sina hata karatasi.

Julai ilifika, na umri wa Nilabh ukawa umepita. Fomu za mwaka mpya zilipofunguliwa, Tribhuvan alikuja na picha zake na vyeti, maana kila mwaka fomu humshinda. Nilabh aliweka kompyuta mezani, akavaa miwani. Kabla hajaanza ya mwenzake alijaza tarehe yake mwenyewe, akabonyeza. Ukatokea mstari mwekundu wa kumkataa. Aliusoma wote, mpaka mwisho, kisha akaufuta.

"Kaka, hii ni haramu," Tribhuvan alisema. "Tumenyonya wiki moja, mimi bado nina miaka miwili kwa serikali na wewe huna hata siku."

"Lete picha, usinichoshe. Hii nayo ni picha? Umenuna kama mahari haijalipwa."

"Ndivyo nilivyo."

"Basi ukipita watasema wamekosea mtu."

Walijaza ukurasa hadi ukurasa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba nakata bamia. Tribhuvan, akingoja kompyuta ipakie cheti chake, alifungua daftari lake la historia na kunigeukia kama alivyozoea miaka yote.

"Mama, hivi mfalme Harsha alipokufa aliacha mrithi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nina hakika nilikuwa nalo.

"Muulize Nilabh," nikasema.

Nilabh hakuinua kichwa. Alimjibu Tribhuvan kwa kirefu, kwa mpangilio, na miaka na majina na waandishi wanaokubaliana na wasiokubaliana, kama mtu aliye mbele ya wasaili. Tribhuvan aliandika kila neno.