Nani Alibeba Unga

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nikifundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja ya Mbozi. Wiki ile tulikuwa kwenye maneno ya -ing. Walishajua kwamba "come" hudondosha e na kuwa "coming", na "run" huongeza n, "running". Nikawaambia waunganishe sentensi mbili kwa neno la namna hiyo.

Binti mmoja mkimya aliandika: "Carrying flour, a lorry hit my brother."

Nilifurahi. Ndilo kosa nililokuwa nalitafuta. Nikaliandika ubaoni, nikamsimamisha.

"Nani alibeba unga?"

"Kaka, madam."

"Mbona umeandika lori ndilo lililobeba? Neno la -ing ni la yule anayetajwa baada ya mkato."

Darasa likacheka. Nikacheka nami.

"Rekebisha."

Akainama, akaandika taratibu daftarini: "Carrying flour, my brother was hit by a lorry." Nikapiga vema kwa kalamu nyekundu, nikaandika chini yake "Good".

Mchana, mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Yule binti mkimya wa kidato cha pili amerudi? Jumamosi wamemzika kaka yake. Lori lilimgonga akitoka mashineni kusaga."

Sikumaliza chai.

Jioni nilikwenda kwao Nanyala. Mama yake alinikaribisha kwenye mkeka, miongoni mwa wanawake waliobaki msibani. Nilipanga kukiri. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza, "Mwalimu, Kiingereza chake kinaendaje? Marehemu ndiye aliyekuwa akimwelekeza."

"Anaendelea vizuri, mama," nikasema. Binti alisimama mlangoni, akinitazama.

Kesho yake nilimwita pembeni nikamwomba msamaha. Akasema, "Hukujua, madam." Nikamwomba ule ukurasa niuchane. Akalikumbatia daftari.

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwagiza unga."

Kengele ikalia, akaingia nalo darasani.

Alimaliza kidato cha nne, akaolewa Iyula. Tukikutana sokoni siku za mnada hunisalimia kwa adabu, huniuliza habari za watoto. Mimi nimehamia Mpemba. Hapa malori ya mpakani yanapita siku nzima, na kila mwaka somo lile likifika, wanafunzi huandika habari za malori. Nasahihisha. Lakini neno "Good" sijaliandika tena kwenye daftari la mtoto yeyote.