Nyati Mmoja Tu

Leo nimeharibu mchezo kabla dadu haijarushwa.

Hapa Karatu tunacheza hadithi ya kubuni mezani: mimi ndiye msimulizi, naleta hatari, wenzangu wanakuwa mashujaa, na dadu inaamua kama wanafaulu. Mashujaa wao bado wachanga, wana panga na ngao tu. Nikawachagulia adui mmoja: nyati mpweke. Hatemi moto, hana uchawi. Nikajiona mwerevu!

"Nyati katoka msituni. Mnafanyaje?"

Wawili wakacheka. "Tunapanda mti!"

Paskalina wa Mbulumbulu, kule kando ya msitu, hakucheka.

"Baba naye alipanda. Nyati akamsubiri pale chini mpaka mikono ikachoka."

Jamani. Mwaka mzima tunacheza naye, sikuwahi kumuuliza baba yake alikufaje.

Nikafunga daftari la hadithi ili tuache. Paskalina akanizuia.

"Mwache huyo nyati abaki. Nipe dadu."

Akarusha. Ikatoka moja, namba mbaya kuliko zote: shujaa wake kashindwa.

Wote wakanigeukia mimi, msimulizi.

Nyie mngesimulia nini?