Redio ya Sufuria

Miaka ile ya Ujamaa, pale Tabora, nilikuwa na wazimu wa kujitengenezea redio. Nilipata kibao chenye utando wa shaba, nikachora njia za umeme kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Ilibaki kukizamisha kwenye dawa inayokula shaba: palipopakwa rangi pangesalimika, kwingine kote kungeliwa.

Mabeseni ya plastiki yalikuwa yameadimika madukani, nikachukua sufuria yake ya wali. Wajuzi wacheke tu. Sikukumbuka kwamba sufuria ni alumini. Dawa ilichemka bila moto, ikaiacha shaba na kuila sufuria mpaka ikatoboka. Mke wangu alichungulia lile tundu, kisha akaniuliza kwa upole, “Sasa baba, leo tunapika redio?”

Mara ya pili nilitumia bakuli la kauri, na redio ikasema. Kasha sikuwa nalo, nikaifunga ndani ya sufuria ileile, waya ukitokea tunduni na spika ikitazama juu. Hotuba ikirefuka, mke wangu hakuhangaika kutafuta swichi. Aliifunika kwa mfuniko wake.