Santuri ya Kwanza Dirishani kwa Mjumbe

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika pale Bigwa, redio ya muuzaji ikapiga wimbo mpya wa bendi yetu ya Morogoro. Nyuma yangu kijana mmoja wa kiwandani akacheka. "Hawa waliimba kwenye santuri ya kwanza tu. Hizi zilizofuata wanatusomea hotuba."

Mjumbe wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani kwetu, aliyekuwa mbele, akageuka polepole. Waliokuwa karibu na kijana wakasogea pembeni, akabaki peke yake na mfuko wake mtupu. Tulijua watu waliochukuliwa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

"Ndugu, santuri zinazosifu kilimo chetu ni mbaya?" akamuuliza kijana.

Kisha akaanza kutuuliza mmoja mmoja santuri ipi nzuri, ya kwanza au mpya.

"Mpya, ndugu mjumbe," wakajibu, macho kwenye miguu yao.

Akanifikia. "Na wewe, mama?"

Ulimi wangu haujawahi kuwa na adabu. "Mimi, baba, naijua ya kwanza tu. Ndiyo ninayoisikia ikitoka dirishani kwako kila Jumapili. Hizi mpya hujatupigia bado."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mjumbe akanitazama, kisha akamgeukia muuzaji, akaomba sukari yake.

Jumapili iliyofuata, dirishani kwa mjumbe ilipigwa santuri mpya, kwa sauti ya kufika mlimani. Niliisikiliza mpaka mwisho, mlango nimeukomea asije akaniuliza kama nimeipenda. Ile ya kwanza tuliipenda bila kuulizwa.